"Mtoto wa nani wewe?" Mwongozo kamili wa kujitambua ndani ya Mungu, kwa Mkristo wa Unguja na Pemba

Ukipita mtaa usiokuzoea hapa Unguja, mzee aliyekaa barazani haanzi na jina lako. Ataitikia shikamoo, atakutazama kuanzia kandambili hadi kichwani, kisha atauliza: "Mtoto wa nani wewe?" Ukimtajia baba, atataka babu. Akishampata babu na shamba alilokaa, ameridhika. Amejua akuweke wapi.

Swali hilo lilinitesa utotoni. Babu yangu alivuka bahari kutoka Unyamwezi kuja kuchuma karafuu, akakaa shamba, akaoa, akabatizwa, akazikwa huku huku. Mimi nimezaliwa Unguja na skuli nimesoma Unguja, lakini mzee akifika kwa babu uso humbadilika kidogo: "Aa, kumbe nyie watu wa bara." Nikienda Tabora kusalimia ndugu, naambiwa, "Msikilizeni Mzanzibari anavyoongea." Ijumaa adhuhuri wenzangu waliingia msikitini, nami nikabaki nje na mpira kwapani nikiwasubiri watoke. Hawakunifanyia ubaya wowote. Ila ukikaa nje peke yako na mpira kwa miaka kumi, unaanza kujiuliza wewe hasa ni wa wapi.

Imenichukua muda kukubali kwamba mzee wa barazani anauliza swali la haki. Siku hizi kijana akisema hajijui anaambiwa akajitafute ndani mwake. Nilijitafuta sana huko ndani, nikakuta maneno ya watu tu. Biblia inakwenda njia ya mzee yule: inataka kujua wewe ni mtoto wa nani, na usipokuwa na jibu inakupa. Mwongozo huu ni wa kulipokea jibu hilo kwa utaratibu, wiki sita hivi. Nimeupitia mwenyewe, na nimewapitisha vijana wa darasa la kipaimara kwa miaka kadhaa, kwa hiyo najua pia unapokwama.

Utahitaji daftari la skuli, kalamu, nusu saa kwa siku, na Biblia. Ya kwenye simu inafaa, ila ya karatasi ni bora, maana haikuletei ujumbe wa WhatsApp katikati ya Warumi. Utahitaji pia mtu mmoja unayemwamini, nitamwelezea mbele. Kama hujabatizwa na bado unatafuta, fuata hatua zote vilevile, ila ya tano uisome polepole.

Hatua ya kwanza: andika majina yote uliyowahi kuitwa

Jina la kwenye cheti cha kuzaliwa ni moja tu. Andika na mengine: mtu wa bara, Mpemba, Mngazija, chotara, mnene, tasa, mjane, mlokole, yule aliyefeli kidato cha nne, yule aliyeachwa na mumewe. Kama uliwahi kuitwa mwanaharamu, liandike nalo, hata mkono ukitetemeka. Kisha andika majina mazuri: kichwa cha darasa, fundi hodari, mtoto mtulivu, mama asiyechoka. Watu wengi husahau haya mazuri, na kwa uzoefu wangu ndiyo yanayoshika zaidi. Aliyeitwa mjinga anatamani kulivua jina lake. Aliyeitwa "mtoto asiyetusumbua" atalibeba mpaka limuue, asithubutu kusumbua mtu hata akiwa anazama.

Jipe siku mbili au tatu, maana mengine hukumbukwa ukiwa unafua au uko kwenye daladala. Binti mmoja darasani kwangu aliniletea ukurasa wenye mstari mmoja: "mlezi wa wadogo zangu." Alikuwa na miaka kumi na sita. Nikamwuliza, na jina lako wewe je? Akanitazama kama mtu asiyelielewa swali. Nilimwacha akae na ukurasa ule wiki nzima, na sijutii.

Hatua ya pili: chambua

Waliolelewa Pemba wanaijua kazi ya jioni baada ya kuchuma. Jamvi linatandikwa, nyumba nzima inakaa kuchambua, karafuu huku, makonyo, yaani vile vijiti vyake, kule. Makonyo hayatupwi. Hutengenezwa mafuta, nayo yana bei yake. Ila hakuna anayeyatia kwenye gunia la karafuu, kwa sababu mnunuzi ataligundua na gunia zima litashuka thamani.

Fanya hivyo na majina yako, mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la uongo mtupu. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa hakutenda kosa lolote kwa kuzaliwa, kwa hiyo jina "mwanaharamu" ni takataka; likate kwa mistari miwili. Fungu la pili ni makonyo: mambo ya kweli, yenye thamani, ambayo hata hivyo si wewe. Mpemba, mwalimu, mjane, mama wa watoto wanne. Fungu la tatu liache tupu kwa sasa.

Fungu la pili ndilo gumu, maana kweli nusu hushika kuliko uongo. Fikiria Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Ukikipoteza unahangaika, unarudi kwa sheha akutambue, na bila hicho shughuli zako nyingi zinasimama. Ni kitu cha lazima. Lakini kinamwambia ofisa unakaa wapi. Hakiwezi kukwambia kwa nini uamke kesho.

Paulo alikuwa na vitambulisho vya kutosha, naye amevipanga katika Wafilipi sura ya 3: ametahiriwa siku ya nane, wa kabila ya Benyamini, Mwebrania wa Waebrania, Farisayo. Halafu anasema ameyahesabu yote "kuwa kama mavi" ili ampate Kristo. Watafsiri wetu hawakulimung'unya neno. Hata hivyo soma na Matendo sura ya 22. Askari wanataka kumpiga mijeledi, naye anawauliza kwa utulivu kama ni halali kumpiga raia wa Rumi. Alikitoa kitambulisho kilipohitajika, akakirudisha mfukoni. Hivyo ndivyo makonyo yanavyotumika. Hakuna anayekutaka uache kuwa Mpemba.

Hatua ya tatu: kaa mtoni Yordani

Hapa usikimbie. Soma Mathayo kuanzia 3:13 hadi 4:11 kwa mkao mmoja, usisimame pale sura inapokatika. Yesu anabatizwa, mbingu zinafunguka, sauti inasema: "Huyu ni Mwanangu, mpendwa wangu, ninayependezwa naye."

Sasa jiulize, mpaka siku hiyo alikuwa amefanya nini? Katika Injili ya Mathayo hajamponya mtu hata mmoja, hajahubiri, hajamwita mwanafunzi. Luka anasema umri wake ulikuwa kama miaka thelathini. Miaka yote hiyo amekaa Nazareti, kijiji ambacho Nathanaeli alikiuliza kama kinaweza kutoa kitu chema. Baba anapendezwa naye kabla ya kazi.

Kisha jangwa, siku arobaini, na mshawishi anaanza hivi: "Ukiwa ndiwe Mwana wa Mungu, amuru kwamba mawe haya yawe mikate." Angalia ujanja wake. Hasemi "wewe si Mwana." Anataka athibitishe. Kile alichopewa bure mtoni anakigeuza kuwa mtihani jangwani, na lile neno "mpendwa" amelidondosha njiani. Yesu hafanyi muujiza wala hajibishani kuhusu uwana wake. Anajibu kwa Neno, anabaki na njaa yake.

Mimi niliisoma habari hii mara nyingi nikidhani ni somo la kushinda tamaa ya chakula. Siku niliyoielewa ni siku matokeo yangu ya mtihani yalipotoka mabaya. Nilijikuta nimekaa chooni nimefunga mlango, kwa sababu sikujua nitatoka nikiwa nani. Ndipo nikajua kwamba miaka yote nilikuwa nikigeuza mawe kuwa mikate.

Zoezi la hatua hii ni la siku tatu. Kila jioni andika jambo moja ulilolifanya siku hiyo ili uonekane tu. Picha uliyotuma kwenye simu mara nne ukaangalia nani ameipenda. Kitenge ulichokopa cha harusi ya watu. Kucheka mzaha ambao ulikuumiza. Ombi refu ulilolitoa kanisani sauti ikiwa juu kidogo kuliko lazima. Hilo la mwisho ni langu. Usijilaumu, andika tu. Chini yake nakili ule mstari wa mtoni.

Utasema: sawa, lakini sauti ile ilimwita Yesu, haikuniita mimi. Ni kweli, na wahubiri wanaoruka hapo wanakosea. Yesu ni Mwana kwa asili yake, sisi si hivyo. Jibu liko Waefeso 1: Mungu alituchagua tufanywe wana kwa njia ya Yesu Kristo, na neema yake ametupa "katika huyo Mpendwa." Neno lilelile la mtoni. Hatuivuti sifa hiyo kwetu kwa nguvu. Tunaingizwa ndani ya yule ambaye sifa hiyo ni yake. Yohana anasema waliompokea walipewa "uwezo wa kufanyika watoto wa Mungu," waliozaliwa "si kwa damu, wala si kwa mapenzi ya mwili, wala si kwa mapenzi ya mtu, bali kwa Mungu." Kwa watu wa visiwani, tunaopimana kwa nasaba, mstari huo ni mzito. Urudie hata mara kumi.

Nitie neno dogo hapa. Kwetu kulea mtoto wa ndugu ni jambo la karibu kila nyumba. Anapewa chakula, mapenzi, sare za skuli, ila nasaba yake inabaki ya babake na mambo ya urithi yana taratibu zake. Paulo aliandika akiwa chini ya sheria ya Warumi, ambamo aliyefanywa mwana alihesabiwa mrithi kamili. Ukisoma "kufanywa wana" ukiwa na picha ya mtoto wa kulea kichwani, utakaa nyumbani mwa Mungu kama mgeni anayeogopa kufungua friji.

Hatua ya nne: nenda Mkunazini

Hii ni hatua ya miguu. Kutoka sokoni Darajani ni mwendo wa dakika chache tu hadi Kanisa Kuu la Kristo la Kianglikana, Mkunazini. Ukiweza, nenda asubuhi kabla watalii hawajajaa, au siku ya ibada. Anza nje, kwenye shimo lenye sanamu za watu watano waliosimama na minyororo shingoni. Usipige picha kwanza.

Hapo palikuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873 Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza. Mwaka huohuo, siku ya Krismasi, jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Edward Steere, aliyeongoza ujenzi, alifariki 1882 na amezikwa nyuma ya altare. Mbele ya altare, sakafuni, kuna duara la marumaru. Inaelezwa kuwa hapo ndipo uliposimama mti wa kuchapia watumwa, ambapo mtu alipigwa mnunuzi aone kama atalia, na bei yake ikapangwa kwa ukimya wake.

Simama karibu na duara hilo ufungue Wagalatia 4, mstari wa 1 hadi wa 7. Soma polepole mpaka ufike: "Kama ni hivyo, wewe si mtumwa tena bali u mwana, na kama u mwana, basi, u mrithi kwa Mungu." Nimeusoma mstari huo sehemu nyingi. Hapo tu ndipo ulinipigisha magoti bila kupanga.

Halafu mkumbuke Cecil Majaliwa. Aliokolewa utumwani akiwa mtoto, akasomeshwa na misheni katika skuli yake ya Kiungani, na mwaka 1890 akawekwa kuwa padri, Mwafrika wa kwanza kupewa daraja hilo na misheni ile ya Kianglikana. "Cecil" ni jina la Kiingereza, na mimi sijawahi kuona ulazima wa Mwafrika kupewa jina la Kiingereza ndipo Mungu amjue. Wamishenari waliwakomboa watu minyororoni, halafu wakachelewa sana kuwaamini na uongozi. Yote mawili ni kweli na tuyaseme yote mawili. Lakini sikiliza lile jina lake la pili. Majaliwa: kile Mungu alichokujalia, ambacho hukukifanyia kazi wala hukukinunua. Mtu aliyezaliwa katika nchi ambamo watu waliuzwa kwa bei ya soko, akatembea maisha yake yote akiitwa kwa neno la zawadi. Sijaona tafsiri ya neema inayolizidi jina hilo.

Ukiwa Pemba na nauli ya boti haipo, si lazima uvuke. Marafiki, Wakristo wanaojulikana pia kama Wakweka, walianza kazi Banani karibu na Chake Chake mwaka 1897, mwaka uleule utumwa ulipoondolewa kisheria Unguja na Pemba. Kaa chini ya mkarafuu wowote wa zamani usome Wagalatia yako. Uwezekano ni mkubwa kwamba miti ya kwanza ya shamba hilo ilipandwa na watumwa.

Hatua ya tano: tubu, na kama hujabatizwa, omba ubatizo

Hatua hii ni fupi kueleza. Baadhi ya majina uliyoyaandika ni ya kweli na ni ya aibu: mwongo, mwizi, mzinzi. Haya hayakatwi kwa mistari miwili kama uongo. Yanatajwa mbele za Mungu kwa jina lake hasa, bila kulaumu shetani, mke wala serikali, na yanaachwa msalabani. Kama ulimdhulumu mtu fedha, mrudishie. Kama kanisa lenu lina kitubio, nenda kwa padri. Kama halina, sema mbele ya Mungu na mbele ya yule mtu wako mmoja. Ubatizo una mafundisho yake, usiuharakishe, ongea na mchungaji au katekista.

Ukiwa bado Mkunazini, tazama nguzo za marumaru karibu na mahali pa ubatizo. Inasimuliwa kwamba mafundi waliziweka juu chini wakati Steere hayupo. Mpaka leo zimesimama hivyohivyo, na hazijatolewa kanisani.

Hatua ya sita: wiki sita za kusikiliza

Ikifika alfajiri, adhana inatuamsha wote mtaani. Mimi naitumia kama saa yangu: jirani anapokwenda kutawadha, nawasha taa ndogo jikoni. Sijawahi kuhitaji kengele ya simu. Soma fungu mara mbili, ya pili kwa sauti. Andika sentensi moja tu uliyoisikia. Nyamaza dakika tano. Omba ombi moja. Basi, kanywe chai.

Wiki ya kwanza ni Luka 15. Yule kijana aliyerudi kutoka kwa nguruwe alikuja na hotuba ameishika kichwani: si stahili kuitwa mwana wako, nifanye kama mmoja wa watumishi wako. Linganisha mstari wa 19 na wa 21. Sehemu ya utumishi haifiki kuitamka. Baba amekwisha kuagiza vazi, pete na viatu. Viatu hivyo wazee wa hapa wangevielewa mara moja. Katika Zanzibar ya karne ya 19 mtumwa hakutakiwa kuvaa viatu wala kofia, na uhuru ulipokuja watu waliuonyesha kwa mavazi kabla hata ya maneno. Baba anaposema mvisheni viatu, anasema huyu asihesabiwe mtumwa. Kaa na kaka mkubwa pia, aliyefanya kazi miaka yote nyumbani kwa babake akijiona kama mtumwa. Sisi tuliokulia kanisani ndio yeye.

Wiki ya pili Wagalatia 3 na 4. Ya tatu Warumi 8, na usiondoke mstari wa 15 mpaka umeita "Aba", yaani Baba, kwa mdomo wako. Ya nne Waefeso 1 na 2. Ya tano Zaburi ya 139 pamoja na Isaya 43:1: "nimekuita kwa jina lako, wewe u wangu." Ya sita 1 Yohana 3, kisha Filemoni, barua fupi kuliko zote za Paulo, inayomrudisha mtumwa aliyetoroka kwa bwana wake "si kama mtumwa, bali zaidi ya mtumwa, ndugu mpendwa."

Kila Jumamosi fungua lile fungu la tatu uliloliacha tupu. Andika majina uliyosikia Mungu akikuita wiki hiyo, pamoja na aya. Yasipokuwa na aya usiyaandike. Moyo nao hujua kujisifu.

Hatua ya saba: mtafute mtu mmoja

Awe amekuzidi umri wa imani, awe na siri, na awe anaweza kukwambia "hapo unajidanganya." Mara nyingi si yule anayeongea sana kwenye jumuiya. Mwonyeshe daftari, angalau mafungu mawili. Makanisa yetu hapa ni madogo na kila mtu anamjua kila mtu, kwa hiyo chagua vizuri. Siri ikitoka asubuhi Mkunazini, jioni iko Mbweni.

Hatua ya nane: rudi mtaani

Ukijua wewe ni mtoto wa nani, huna haja ya kumdharau mtoto wa mwingine. Nimewaona vijana waliopata moto wa imani wakaanza kukejeli majirani Waislamu, nami huwaambia wazi kwamba hiyo ni dalili ya mtu ambaye bado ana wasiwasi. Mwana aliyetulia nyumbani hapigi kelele dirishani. Mwezi wa Ramadhani usile barabarani. Ukialikwa kufuturu, nenda na sahani ya tambi au matunda, kaa, kula, ongea. Sikukuu nenda ukawape mkono. Krismasi na wao watakuja kwako, usisahau kuwaambia nyama amechinja nani.

Wala usijione mgeni. Steere alianza kuitafsiri Biblia akiwa mjini hapa, kwa Kiswahili alichokisikia kwa watu wa hapa. Imani, toba, rehema, sala, dhambi, roho: maneno hayo tunayatumia wote, sisi na jirani zetu. Mungu alisema nawe kwa lugha ya mtaa wako.

Utaulizwa. Petro anataka tuwe tayari kumjibu kila mtu awaulizaye habari za tumaini, "lakini kwa upole na kwa hofu." Upole maana yake jibu lililoulizwa, usigeuze kahawa ya barazani kuwa mkutano wa injili. Kama unatoka familia iliyochanganyika, au umeijia imani hii ukubwani, waheshimu wazazi zaidi ya zamani, na usitangaze jambo kubwa kabla hujazungumza na mchungaji. Jina lako la nyumbani si lazima ulibadilishe.

Inapokwama

*Sihisi kitu.* Haijalishi. Urithi hausomwi kwa hisia. Endelea na kazi ya wiki.

*Neno "Baba" linaniumiza.* Kuna aliyetelekezwa, kuna aliyepigwa, kuna asiyemjua kabisa, na swali la mzee wa barazani kwake ni kisu. Usijilazimishe. Anza na Mwanzo 16. Hajiri, mjakazi mgeni, mjamzito, amekimbia mateso, ameketi penye chemchemi jangwani, na malaika anamwita kwa jina lake, anamwuliza anatoka wapi na anakwenda wapi. Hajiri anamwita Mungu kuwa ni Mungu anayemwona, mtu wa kwanza katika Biblia kumpa Mungu jina, naye ni mtumwa. Kaa hapo hata mwezi. "Aba" atakuja wakati wake.

*Sili, silali, nawaza kufa.* Usifunge kula ili kulimaliza jambo hili. Mwambie mtu leo, siyo kesho, na nenda hospitali. Eliya alipoomba afe, malaika alimpa kwanza mkate na maji, akamwacha alale.

*Nimefukuzwa kazi katikati ya wiki ya tatu.* Rudi kwenye hatua ya pili, tazama kama lile konyo lilikuwa limeingia kwenye gunia la karafuu. Kisha katafute kazi.

*Mzee wa barazani bado ananiita mtu wa bara.* Na mimi pia. Siku hizi namjibu, "Naam mzee, mjukuu wa mchuma karafuu," nakaa, naomba kahawa. Juzi kaniambia kumbe babu yangu alimfahamu.

*Nimeruka siku nne.* Usianze upya. Fungua ulipoachia.